Tela ilinitikisa mteremkoni: je, ninunue pikapu ya matairi sita?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Nafanya kazi ya kuchimba mitaro ya mabomba na misingi ya nyumba, na kwa miaka minne sasa mashine yangu ya kuchimbia imekuwa ikienda kazini juu ya tela inayovutwa na pikapu yangu ya matairi manne. Mashine ina kilo 3,500, na tela yenyewe pamoja na minyororo ina kilo 1,300. Sahani iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva inasema kwamba pikapu pamoja na kila kinachoilemea isizidi kilo 4,500, na nilipoipima ikiwa tupu ilikuwa na kilo 3,300. Safarini tunakuwa watu watatu, ambao kwa pamoja tuna kilo 240 hivi, na zana na mafuta ya mashine hufikia kilo 200.

Mwezi uliopita tulikuwa tukiteremka kilima, lori kubwa likatupita kwa kasi, na mara tela ikaanza kwenda kushoto na kulia kama mkia wa samaki. Kila nilipokanyaga breki ya pikapu hali ilizidi kuwa mbaya, hadi nilipokata tamaa na kuacha pedali zote, ndipo ikatulia yenyewe. Nakumbuka kwamba asubuhi ile, kabla hatujaondoka, kijana wangu mmoja alitania kwamba nyuma ya pikapu imekaa juu kana kwamba hatujabeba kitu. Mashine huwa naipandisha ikitangulia mkono, injini ikabaki upande wa mkia wa tela, kwa kuwa wakati wa kushusha naivuta kinyumenyume tu na kazi imekwisha.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ameendesha malori maisha yake yote, aliposikia habari hiyo alisema kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kununua pikapu yenye matairi mawili mawili kila upande wa nyuma. Amenitafutia moja iliyotumika. Sahani yake inasema kilo 6,350, na mwenye gari anadai kwamba likiwa tupu lina kilo 3,900. Matairi ya nje yanang'aa kwa upya, lakini nilipoinama niliona kwamba moja la ndani limekuwa kipara na lingine limebana jiwe kubwa katikati. Ubavuni mwa matairi hayo kuna namba 120/117 ambayo hakuna aliyeweza kunieleza maana yake.

Mke wangu hataki kulisikia. Amepima geti letu akapata uwazi wa mita 2.6, na anakumbusha kwamba pikapu ndiyo pia inayowapeleka watoto shuleni. Kwa upande mwingine, nimeahidiwa kazi kubwa ambayo ikithibitishwa itanibidi ninunue mashine ya kilo 6,500 na tela ya kilo 2,000, ile ambayo shingo yake hukaa ndani ya bodi ya pikapu badala ya kufungwa kwenye ndoano chini ya bampa. Muuzaji anataka jibu kabla ya wiki kwisha. Nifanyeje?

Mchimba Mitaro

JIBU

Ndugu Mchimba Mitaro,

Pole kwa mkasa huo, na hongera kwa kuacha pedali, maana bila kujua ulifanya karibu kila kitu kilichotakiwa. Tela inapoyumba, breki ya gari linalovuta huifanya tela ilisukume gari kwa nyuma, na kuyumba huongezeka. Kinachosaidia ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushikilia usukani unyooke bila kujaribu kufuatisha mayumbo, na kama tela ina breki zake zinazoendeshwa kwa kitufe cha ndani ya gari, kuzibana hizo peke yake.

Sasa nirudi asubuhi ile kabla hamjaondoka. Kijana aliyetania kwamba nyuma ya pikapu imekaa juu alikuwa ameona chanzo cha tatizo kabla yetu sote. Tela inayofungwa kwenye ndoano ya nyuma inapaswa kuilalia ndoano hiyo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote, na kwa tela yako ya kilo 4,800 hiyo ni kati ya kilo 480 na 720. Mzigo wa kiasi hicho huishusha nyuma ya pikapu, hauiachi juu. Katika mashine ya kuchimbia, uzito mkubwa uko kwenye injini na chuma cha kusawazishia kilicho nyuma yake, nawe umezoea kuuweka uzito huo nyuma ya magurudumu ya tela. Matokeo yake ni kwamba mkia wa tela unalemewa, pua yake inainuka, na pikapu inanyanyuliwa badala ya kukandamizwa. Tela ya namna hiyo inangoja kisingizio tu, na upepo wa lori lililowapita ulitosha.

Kwa sababu hiyo siafikiani na kaka yako, ingawa namheshimu kwa uzoefu wake. Ungekuwa na matairi manne nyuma siku ile, huenda ingekuwa vigumu kidogo zaidi kuiyumbisha pikapu, kwa kuwa msingi wake ni mpana na mbavu nne za matairi hupinda kidogo kuliko mbili, lakini tela ingeyumba vilevile. Igeuze mashine, au isogeze mbele hadi ndoano ilemewe inavyostahili, kisha uweke alama ya rangi kwenye sakafu ya tela mahali ambapo minyororo ambayo mashine hutembelea inapaswa kusimama. Kushusha kutakuwa na usumbufu wa dakika kumi zaidi, nami nadhani ni bei ndogo.

Usikisie uzito huo kwa macho. Nenda kwenye mizani ya magari, upime pikapu peke yake ikiwa na watu na zana, kisha ifunge tela yenye mashine na upime tena, magurudumu ya pikapu yakiwa kwenye mizani na ya tela yakiwa nje. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito unaoilalia ndoano. Kama mizani inaruhusu kupima ekseli moja moja, pima pia ekseli ya nyuma peke yake na ulinganishe na kikomo chake, ambacho kimeandikwa kwenye sahani ileile ya mlangoni, kwa kuwa gari laweza kuwa ndani ya kikomo cha jumla huku ekseli yake ya nyuma imekwisha kupita chake.

Hesabu ya pikapu uliyonayo iko hivi. Kutoka kilo 4,500 ondoa 3,300 za gari tupu, unabaki na 1,200, ukiondoa 440 za watu na zana unabaki na 760. Ndoano inahitaji 480 hadi 720. Inatosha, japo kwa shida, na ningekushauri uhamishie kwenye tela baadhi ya zana ambazo sasa zinakaa kwenye bodi. Kwa kazi unayoifanya leo, basi, huna haja ya kununua gari lingine.

Kazi uliyoahidiwa ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo maneno ya kaka yako yanapopata uzito. Tela ambayo shingo yake hukaa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, huwa tulivu zaidi barabarani, lakini hudai malipo yake: kwa kawaida huilalia pikapu kwa asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Tela yako mpya yenye mashine itakuwa na kilo 8,500, kwa hiyo mgongoni mwa pikapu zitakaa kilo 1,275 kwa uchache na 2,125 kwa wingi. Wewe una nafasi ya 760. Hakuna springi za nyongeza wala mifuko ya hewa itakayobadilisha hesabu hiyo, kwa sababu vitu hivyo huinua mkia wa gari uonekane umenyooka, huku ekseli, rimu, breki na matairi yakibaki na vikomo vyake vya zamani.

Watu wengi huzitazama pikapu hizi za matairi sita wakauliza zinavuta kiasi gani, wakati matairi ya ziada hayavuti chochote. Injini ndiyo inayovuta, na mara nyingi ni injini ileile inayofungwa kwenye pikapu ya matairi manne ya kampuni hiyohiyo. Kazi ya matairi ya ziada ni kubeba kinacholala juu ya ekseli ya nyuma na kukizuia kisipinduke upande. Ndiyo maana Chevrolet ilipoanza kuuza pikapu za aina hii mwaka 1973, walengwa walikuwa wenye mizigo mizito ya bodini na matela makubwa ya kulalia watu safarini.

Hapo pia ndipo ilipo maana ya 120/117. Namba ya kwanza ni ya tairi linapokaa peke yake, na 120 humaanisha kilo 1,400 kwa upepo kamili. Namba ya pili ni ya tairi hilohilo linapokaa na pacha wake, na 117 humaanisha kilo 1,285. Hupunguziwa kwa sababu mapacha hawagawani mzigo sawasawa daima, mmoja hubeba zaidi kwenye barabara yenye mgongo, na yule wa ndani hapati hewa ya kutosha ya kumpoza. Hata baada ya punguzo hilo, matairi manne yanabeba kilo 5,140, wakati mawili ya aina hiyohiyo yakikaa peke yake yangebeba 2,800.

Tukirudi kwenye gari la muuzaji, kilo 6,350 ukiondoa 3,900 ni 2,450, na ukiondoa watu na zana zako unabaki na 2,010. Tela mpya ikilala kwa asilimia 20, yaani kilo 1,700, uko salama. Ikilala kwa asilimia 25 umezidisha kwa kilo 115, kwa hiyo hata ukiwa na matairi sita bado utahitaji kupanga mahali pa kuisimamisha mashine. Jumla ya gari, watu, zana na tela itakuwa kilo 12,840, na kabla hujafika huko hakikisha kwamba leseni yako na bima yako vinakubali msafara wa uzito huo.

Niseme sasa kuhusu karaha za gari hili, na nyingi ziko kwa lile tairi la ndani ambalo hakuna anayeliona. Mimi mwenyewe niliwahi kuendesha safari ndefu tairi la ndani likiwa halina upepo bila kuhisi chochote kwenye usukani, kwa kuwa pacha wake aliubeba mzigo wote kwa ukimya, na kilichonishtua ni harufu ya mpira unaoungua. Hiyo ndiyo sifa na kasoro yake kwa wakati mmoja. Tairi moja likipasuka gari halianguki upande mmoja kwa ghafla, na unapata muda wa kutoka barabarani, lakini lililobaki linabeba mzigo wa mawili na halikuundwa kusafiri hivyo. Tairi lenye upepo pungufu nalo huvimba ubavuni mpaka likamgusa mwenzake, yakasuguana na kupata joto. Kuligonga kwa nyundo na kusikiliza mlio, kama wafanyavyo madereva wengi wa malori, hakutakuonyesha upungufu mdogo. Pima kwa kipimo cha upepo, na kama vali za ndani hazifikiki kwa mkono, fungisha vali ndefu za chuma zinazotokeza nje.

Jiwe uliloliona si jambo dogo. Jiwe lililobanwa kati ya mapacha husaga mbavu za matairi yote mawili kila mzunguko, na likichomoka kwa kasi hurukia kilicho nyuma, iwe ni tela yako au kioo cha mtu. Wenye magari haya hujizoeza kuinama na tochi kila wanapotoka kwenye njia ya kokoto. Kwa mchimba mitaro, hiyo ina maana ya kila jioni.

Tairi kipara kando ya tairi jipya ni kosa kubwa zaidi, nalo limenipa shaka juu ya muuzaji, ambaye ni dhahiri alibadilisha yale yanayoonekana akaacha mengine. Mapacha hufungwa kwenye kitovu kimoja na hulazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Lenye kimo kikubwa hubeba mzigo zaidi ya fungu lake, na lenye kimo kidogo huburuzwa. Kipimo kinachokubalika kwa matairi ya ukubwa huu ni kwamba vimo vya mapacha visipishane kwa zaidi ya milimita 6 hivi, na tofauti kati ya tairi jipya na kipara hupita hapo kwa urahisi. Kwa hiyo likitoboka moja vibaya, mara nyingi utalazimika kununua mawili, na zamu ya kubadilisha yote ikifika ni sita badala ya manne. Unapolikagua gari hilo tazama pia nati za rimu. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ni dalili kwamba ziliwahi kulegea. Rimu za mapacha hukaa uso kwa uso, na uchafu au rangi nene iliyobaki katikati yake ikisagika, nati hulegea. Ndiyo sababu baada ya kufungua gurudumu lolote inafaa kuzikaza upya kwa kipimo baada ya kilomita 80 hadi 160.

Kuhusu geti, mke wako amepima vizuri. Madigadi za nyuma za pikapu hizi hufikia upana wa karibu mita 2.4, wakati pikapu ya kawaida ina karibu mita 2. Utapita, ukiwa umebakiwa na sentimita 10 kila upande, vioo vya pembeni vikiwa vimekunjwa, kwa kuwa vioo vya kuvutia tela vikifunguliwa huweza kuwa vipana kuliko madigadi. Ugumu ni kwamba upana huo uko nyuma ambako dereva hautazami. Pua ya gari inapita getini kwa raha, dereva anaanza kukata kona mapema kwa mazoea, na madigadi inakwangua nguzo. Hali ni hiyohiyo kwenye maegesho ya shule, ambako mstari uliochorwa kwa gari dogo utajazwa wote, na mlango wa mtoto wa jirani hautafunguka.

Likiwa tupu, gari hili hurusha mkia kwenye matuta, hunywa mafuta zaidi kwa sababu ya uzito na msuguano wa matairi mawili ya ziada, na jambo linalowashangaza wengi, huteleza haraka kwenye nyasi mbichi na matope. Uzito mdogo wa nyuma unagawanywa kwa matairi manne badala ya mawili, kwa hiyo kila tairi linakandamiza ardhi kwa nguvu ndogo. Matope pia hujaa kati ya mapacha. Ukilipeleka kwenye eneo la ujenzi lililonyeshewa, hakikisha lina nguvu ya magurudumu yote.

Ushauri wangu ni kwamba, ikiwa ile kazi kubwa bado ni ahadi ya mdomo, usinunue. Rekebisha upakiaji wako wiki hii na uendelee na pikapu uliyonayo. Ikithibitishwa kwa maandishi, nunua ya matairi sita bila kutafuta njia ya mkato, wala usikubali fundi akushawishi kuongeza rimu kwenye ekseli ya pikapu yako ya sasa, maana sahani ya mlangoni haitabadilika kwa ajili yake. Ukiweza, ibakize ya zamani kwa ajili ya shule na safari za mjini. Kama huwezi kumiliki mbili, mpe mke wako nafasi ya kuiendesha hiyo kubwa getini na shuleni kabla ya kulipa, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi nayo asubuhi.

Na kuhusu muuzaji mwenye haraka, zile kilo 3,900 za gari tupu ni maneno yake tu, ilhali hesabu yangu yote ya hapo juu imesimama juu yake. Gari likionekana kuwa na kilo 4,200, kwa mfano, nafasi yako inashuka hadi 1,710, na tela ikilala kwa kilo 1,700 umebakiwa na kilo 10. Mwambie kwamba unalitaka kwenye mizani kwanza, tangi likiwa limejaa, na kwamba bei ipungue kwa thamani ya matairi manne ya nyuma yanayolingana. Akikataa mizani, mwachie gari lake.